Ngitili ni Darasa: Shule, Watafiti na Wanakijiji

Neno ushirikiano limezoeleka mno masikioni mwa walimu. Shirika likileta madawati, twasema ni ushirikiano. Kampuni ya madini ikijenga chumba cha darasa, twasema ni ushirikiano. Mtafiti akija na dodoso lake, akauliza maswali kwa siku mbili na kuondoka, hilo nalo huitwa ushirikiano. Hatuna nia ya kubeza misaada hiyo, kwani mtoto aketiye sakafuni anahitaji dawati. Lakini mwalimu mwanafunzi ambaye kesho atapangiwa shule huko Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, hana budi kujiuliza: katika ushirikiano huu mwanakijiji ametoa nini, na nani amekithamini alichokitoa? Maoni yetu ni kwamba ushirikiano ambao upande mmoja hutoa na wa pili hupokea tu, haudumu. Na kwamba shule ya msingi ndiyo mahali pafaapo kuanzia kuurekebisha.

Mfano wa kutufunza hauko mbali. Mkoa jirani wa Shinyanga uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Mapori yalifyekwa tangu wakati wa ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ikawahamisha watu wengi mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norwei, na baadaye wakajiunga watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao yake Nairobi. Hapo mwanzo nguvu nyingi zilielekezwa kwenye vitalu na miche iliyoletwa kutoka nje. Mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipogeukia kile ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani: ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani na miti vipate kustawi, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi, hasa kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kulimia na wanyama dhaifu. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Anayevunja mwiko hakabidhiwi kwa mgeni. Hushughulikiwa na walinzi wa kijiji, sungusungu, na huweza kufikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mtaalamu alileta vipimo, takwimu na fedha. Mzee alileta sheria, majina ya miti na imani ya majirani zake. Tungeondoa fungu la mzee, hesabu hiyo isingepatikana.

Wako watakaodhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini. Sivyo. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi wa Aktiki uliofanywa na Wainupiati wa Alaska, kwa kuwa wanasayansi walihesabu nyangumi wachache mno. Wawindaji walipinga. Walisema kwamba nyangumi wengi hupita mbali na pwani na chini ya barafu, mahali ambapo mhesabuji aliyesimama ukingoni hawezi kuwaona. Wakaunda tume yao wenyewe, wakashirikiana na watafiti, na katika miaka ya 1980 vinasa sauti vikateremshwa majini. Ikathibitika kwamba nyangumi walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Aidha, Baraza la Aktiki lilipoundwa mwaka 1996, jumuiya za wenyeji zilipewa viti vya kudumu mezani pamoja na mataifa manane. Leo jumuiya hizo ni sita. Tuzingatie jambo hili: wenyeji waliketi mezani, hawakungoja mlangoni.

Hata hivyo, mwalimu asidhani kwamba kila lisemwalo na mzee ni elimu. Katika Usukuma huu huu, akina bibi wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Na kuni zinapoadimika, mama hupikia samadi au mabua, na moshi huzidi. Basi mti uliokatwa na bibi aliyeuawa havikutengana sana. Mwalimu anayefundisha somo la moshi na macho pamoja na somo la ngitili anaokoa maisha. Hii ndiyo maana ya kuheshimu maarifa ya wenyeji: kuyapima kwa haki, kama tunavyoyapima ya kitabuni, tukishika yaliyo kweli na kuyakataa yanayoua.

Vivyo hivyo kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili kunasa dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo, na mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto. Mtoto wa mchimbaji anazijua hatua zote za kazi hiyo kuliko mwalimu mgeni. Asikatazwe kuzieleza, aelezwe hatari iliyomo. Tena, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuwahudumia wananchi, akubaliane na halmashauri. Mwalimu anayekaa kimya katika kamati ya shule asilalamike baadaye kwamba msaada ulioletwa haukuwa ule uliohitajika.

Tunawapendekezea walimu wanafunzi mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, katika somo la sayansi, waacheni wanafunzi wautaje mmea kwa Kisukuma, kisha jina la Kiswahili liandikwe kando yake ubaoni. Mtoto anayechekwa kwa lugha ya mama yake hujifunza kwamba nyumbani kwao hakuna elimu. Pili, mwalikeni mzee anayetunza ngitili, lakini msimwachie aje kuhutubia tu. Wanafunzi watayarishe maswali, wayaandike majibu, wakapime wenyewe eneo lililofungwa na lililo wazi, na kuhesabu aina za mimea katika kila mita moja ya mraba. Hapo hisabati, sayansi na Kiswahili vimefundishwa kwa kipindi kimoja. Tatu, mtafiti au shirika lolote likija shuleni kukusanya habari, mwalimu aombe kwa adabu kwamba matokeo yarudishwe kijijini kwa Kiswahili. Anayechukua maarifa bila kuyarudisha hana tofauti na anayechota kisimani na kuondoka na ndoo ya mwenyeji.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe sehemu ya kijiji. Wengi waliielewa kuwa ni jembe na shamba la shule tu. Tunaamini kwamba ilidai zaidi: kwamba mwalimu awe mpatanishi wa kitabu na kijiji, asiyeogopa kujifunza kwa mzazi asiyejua kusoma, wala asiyeogopa kumkosoa mzee aliyekosea. Ndugu walimu wanafunzi, wafadhili watakuja na wataondoka, na HASHI yenyewe ilifikia mwisho wake mwaka 2004. Kitakachobaki ni kile ambacho watoto wa kijiji watakuwa wamekielewa na kukifanya chao.