Siku Moja Kizimbani, Kidichi na Mtoni

Wakazi wa Ufipa wanaposhuka Dar es Salaam kwa ajili ya harusi au matibabu, si ajabu siku hizi kuiona familia nzima ikivuka bahari hadi Unguja kwa siku moja. Asubuhi boti, jioni boti. Katikati ya boti hizo mbili yupo kiongozi wa watalii aliyeahidi kuwaonyesha mashamba ya viungo na makasri ya masultani. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, yapo ambayo mzazi hana budi kuyafahamu kabla hajatoa fedha yake.

Hivi karibuni nilifuatana na jamaa kutoka Sumbawanga: bibi mmoja, binti yake na wajukuu watatu. Tuliunganishwa na wageni wengine mpaka gari likajaa, nasi tukaelekea Kizimbani.

Huko watoto walifurahi kweli kweli. Walipewa majani wayafikiche na kunusa, wakabahatisha: mdalasini, iliki, mchaichai. Walioneshwa kwamba karafuu ni tumba la ua lisilochanua bado, huchumwa kwa mkono na kuanikwa juani. Mti huo si wa asili ya Unguja. Ulitoka visiwa vya Moluku, na ulienea kwa amri ya Sayyid Said, aliyetaka kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yalitaifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu.

Bibi hakujali sana harufu. Alichokuruta udongo kwa kidole cha mguu, akauliza: "Mwanangu, ardhi hii mnailisha nini?" Kwao Ufipa majani hufukiwa katika vilima viitwavyo ntumba, maharage yakapandwa juu, na msimu unaofuata vilima husambazwa ili kupandwa ulezi. Kiongozi alicheka kwa adabu, akatuhimiza tupande gari. Swali lile lilistahili jibu.

Kidichi tuliipita haraka. Ni hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said kutoka Uajemi. Vyumba ni vidogo, wageni ni wengi, na anayesimama nyuma haoni ila visogo vya wenzake. Mwenye mtoto mchanga na abaki nje kivulini.

Mtoni ndiko nilikotaka tukae. Leo ni magofu kando ya bahari, kaskazini ya Mji Mkongwe, lakini ndilo lililokuwa kasri kuu la Sayyid Said. Binti yake Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844 na baadaye akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 kwamba humo waliishi watu wapatao elfu moja. Uani walitembea tausi na swala. Mabafu yalikuwa mengi, na watu hawakukatika humo usiku na mchana.

Mjukuu wa kati, msichana wa darasa la tano, alisikiliza yote hayo, kisha akauliza: "Watu elfu moja, nani alikuwa anawafulia?"

"Watumwa," kiongozi akajibu, akaendelea na habari za tausi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na viongozi wetu wengi. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka hadi nchi za Ziwa Tanganyika, yaani jirani kabisa na Ufipa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini masuria hawakuguswa na sheria hiyo mpaka 1909. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria, aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuambiwa hayo kwa maneno ya staha, wala hataharibikiwa na siku yake.

Kwa hiyo mzazi apatane mapema na kiongozi: Mtoni kwanza, kabla ya jua kali na kabla ya magari mengine, Kizimbani baadaye, na Mkunazini, palipokuwa na soko lile, badala ya Kidichi. Achukue maji ya kutosha. Sweta za Sumbawanga zibaki Dar es Salaam.

Ndani ya boti bibi aliwasimulia wajukuu kisa cha Milansi, ambako mtawala aliondoka kwenda kuwinda, akamwonya mkewe asiwape wageni kigoda chake. Wakaja wanawake watatu kwa miguu, wakapewa kigoda, na utawala wa Ufipa ukawa wao. Mdogo akataka kujua kama huko nako kuna kiingilio. Akajibiwa kwamba hata boti haihitajiki, wataenda likizo ijayo.