Miti iliyohamishwa isihukumiwe haraka



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, inayohamishwa na kupandwa kwenye viwanja vya shule na ofisi za vijiji.

Mti uliokwisha kuwa mkubwa ukihamishwa, mizizi mingi hukatika na kubaki kwenye shimo la zamani. Iliyosalia haiwezi kunywesha majani yote, hivyo hunyauka na kupukutika. Hapo baadhi ya viongozi huamuru ung'olewe, upandwe mwingine. Huku ni kupoteza jasho la wananchi, na hasa la watoto wanaobeba maji kichwani kutoka mbali.

Kabla ya kung'oa, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Pakiwa na ukijani na unyevu, mti ungali hai. Umwagiliwe maji mengi yafike mizizini, kisha uachwe mpaka udongo wa juu uanze kukauka. Udongo ukilowa siku zote mizizi huoza. Nyasi kavu zitandazwe kuuzunguka bila kugusa shina. Mbolea ya chumvichumvi isitiwe, kwani huweza kuunguza mizizi iliyojeruhiwa. Wala matawi mabichi yasikatwe ovyo, maana majani ndiyo hutengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya.

Nashauri kila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi wasihesabu miti iliyopandwa tu. Waanze kwa kuhesabu ile ya mwaka uliopita iliyo hai.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.