Mwacheni Mashoto Ashike Fimbo kwa Mkono Wake

Katika madarasa mengi ya arnis, mchezo wa fimbo wa Wafilipino, mwanafunzi mashoto husikia agizo lile lile siku ya kwanza: hamishia fimbo mkono wa kulia. Huambiwa kwamba mbinu zote zilitungwa kwa mkono huo, na kwamba mashoto mmoja huvuruga mazoezi ya wawili wawili. Imani hiyo ni potofu, na anayeumia ni mtoto.

Jambo hili si dogo. Sheria Na. 9850 ya mwaka 2009 iliitangaza arnis kuwa mchezo na sanaa ya mapigano ya taifa la Ufilipino, na fimbo ya henzirani ikapewa nafasi katika vipindi vya michezo shuleni. Mtu mmoja hivi katika kila kumi ni mashoto. Darasa la wanafunzi 40 litakuwa na wanne hivi, na hakuna hata mmoja mwenye kasoro ya kurekebishwa.

Hoja ya kwanza inavunjwa na arnis yenyewe. Katika sinawali mwanafunzi hushika fimbo mbili na kila mkono hupiga kwa zamu. Katika espada y daga mkono mmoja una upanga, wa pili una kisu. Balintawak, mtindo ulioanzishwa Cebu na Venancio Bacon mwaka 1952, huutegemea sana mkono usio na fimbo: ndio unaozuia, unaosukuma, unaokamata. Sanaa inayoidai mikono yote miwili hivyo haina sababu ya kuukataza mmoja usishike silaha. Isitoshe, mashoto anayesimama mbele ya mwalimu wa mkono wa kulia humfuata kama anayejitazama kwenye kioo. Ni wenzake wanaolazimika kugeuza kila pigo kichwani.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, ila hitimisho lake limepinduliwa. Pigo la kwanza la mtu wa kulia humjia mpinzani upande wa kushoto, ambako mkono mtupu unasubiri kuikamata fimbo. La mashoto hutua upande wa pili, karibu na vidole vilivyoshika silaha, na katika arnis mkono wenye silaha ni shabaha ya kwanza. Linapita njia ile ile ya pigo la nyuma la mtu wa kulia, lakini kiganja kimegeukia kwingine, kwa hiyo mbinu ya kupokonya iliyokaririwa inakwama. Anayebabaika hapo ni mtu wa kulia! Mashoto amekwisha kuwazoea wa kulia, kwa kuwa hukutana nao kila siku. Kumgeuza yeye ni kuwaficha wengine somo wanalolihitaji.

Katika mchezo wa vitara Ulaya, Giuseppe Mangiarotti, mwalimu wa Milan, aliliona hilo mapema. Mwanawe Edoardo alizaliwa akitumia mkono wa kulia. Baba akamfundisha kushika silaha kwa kushoto ili awasumbue wapinzani. Kati ya 1936 na 1960 Edoardo alitwaa medali 13 za Olimpiki.

Wapo walimu wenye hoja nzito zaidi: mashoto akishika fimbo kulia, mkono wake mwepesi unabaki huru kukamata na kupokonya. Ni kweli, na zoezi hilo lifanywe. Lakini lifanywe na wote, wa kulia nao wakibadilisha mkono, baada ya kila mmoja kuimarika kwa mkono wake wa asili. Mwanafunzi anayeanza kwa mkono dhaifu hupiga polepole, huchelewa kukinga, na vidole vyake ndivyo vinavyogongwa.

Marekebisho yenyewe hayagharimu chochote. Mapigo yahesabiwe kuanzia upande wa mkono ulioshika fimbo, si kuanzia kulia. Wenza wazungushwe katika kila kipindi, ili asiwepo anayemaliza mwaka bila kukabiliana na mashoto. Na mbinu za kupokonya zifundishwe kwa sura zote mbili tangu mwanzo, kabla mwili haujazoea sura moja tu.