Mtumbwi Usifumuliwe

Ndugu zangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, mniwie radhi. Leo sitaandika kwa upole.

Wiki iliyopita tuliambiwa kwenye chumba cha ushonaji tufumue. Mablanketi 14 ya watoto, yamekwisha kushonwa, yamekwisha kufuliwa, yanangoja kupelekwa chekechea, yamerudishwa stoo. Kosa lake? Kuna vipande vyenye picha ya mtumbwi. Vingine vina moto. Kimoja kina panga. Mtaalamu alipita, akapiga picha, akasema mambo haya yanaweza kumrudisha mtoto kwenye yale aliyoyapitia. Akatoa orodha. Kesho yake ikabandikwa ukutani.

Kwa asiyeyajua mablanketi yenyewe, nieleze. Mafundi wa kambi hii wanashona kila siku: magauni, mashati ya ibada, sare za kwaya. Kila kitenge kinaacha makombo. Zamani makombo yalikuwa ya kuwashia moto, ya kuziba tundu la dirisha, au ya kutengenezea mpira. Sisi tukaanza kuchagua yale yenye picha. Maana kitenge si maua tu, jamani. Kuna kuku na vifaranga wake, kuna mbayuwayu, feni, mwavuli, viatu, funguo, redio, sura ya mkuu wa nchi, na yale maandishi ya 8 Machi. Unakata kila picha inchi 5 kwa 5. Ukishona unapoteza robo inchi kila upande, inabaki 4 na nusu. Vipande 8 kwa upana, 10 kwa urefu, ni 80. Inatoka inchi 36 kwa 45, inamtosha mtoto wa chekechea. Katikati tunatia lile blanketi la kijivu la mgao likishachakaa, chini shuka kuukuu.

Kazi kubwa si cherehani (mashini, kama tulivyozoea kusema ng'ambo). Kazi kubwa ni kupanga. Kuku asikae karibu na kuku. Picha kadhaa ziwe pacha, moja huku juu, nyingine kona ya mbali, mtoto amtafute mwenzake. Na usikate picha ovyo. Mara ya kwanza mimi nilimkata mbayuwayu mkia, mtoto mmoja akaniuliza nani kaula.

Halafu ndiyo mchezo. Mkubwa anasema, "Naona kitu kinachofungua mlango." Watoto wamelala kifudifudi juu ya blanketi, vidole vinakimbia. Anayegusa funguo kwanza ndiye anayeuliza tena. Humo hakuna anayejua kusoma wala asiyejua. Mtoto wa Kibembe anataja kwa Kibembe, wa Kifuliiru kwa Kifuliiru, wa Burundi kwa Kirundi, mwisho wanakutana kwenye Kiswahili. Samaki ndiye anayeleta ugomvi: huyu anasema mukeke, yule amesikia kwa Watanzania kwamba ni mgebuka. Ni samaki yuleyule wa ziwa lilelile, na wengi wao hawajamwona hata siku moja akiwa mbichi.

Sasa turudi kwenye mtumbwi.

Wazazi wa watoto hawa, au babu zao, walivuka Tanganyika. Wengine 1996, wengine baadaye. Najua kuna mitumbwi iliyozama; mimi mwenyewe nina mtu wangu aliyebaki majini. Lakini kabla ya vita mtumbwi ulikuwa kazi ya baba yangu. Usiku taa na nyavu, asubuhi soko la Baraka, mchana baba amelala na sisi tunaambiwa tusipige kelele. Mtoto wa hapa akigusa kile kipande na kuuliza "hii ni nini?", bibi yake anapata pa kuanzia. Mkikifumua, bibi aanzie wapi? Kwa mtu wa theluji?

Maana hilo nalo niliseme. Gunia la vitambaa vya msaada kutoka Ulaya lilikuwa na picha za kitoto: mbweha amevaa skafu, kindi, maboga yenye meno, na mtu aliyefinyangwa kwa theluji. Hatukulalamika, tulivikata tukavitia. Yule wa theluji watoto wamempa jina, Mzee Unga, na wanampenda kweli. Lakini angalieni orodha ukutani. Maboga yenye meno hayamo. Mtumbwi umo.

Mtaniuliza, je, hakuna mtoto aliyeumia? Yupo, sifichi. Mvulana wa miaka kama mitano. Kila mchezo ukifika kwenye moto alikuwa anafunika kile kipande kwa kiganja. Tukafanya nini? Tukamwita mama yake, tukamuuliza. Akatuambia nyumba yao iliteketea, wao wamejificha shambani wanaona. Basi tukafumua kipande kimoja kwenye blanketi moja. Wembe, uzi, dakika 20. Tukamwekea mtoto makombo mbele achague mwenyewe, akachagua redio. Hatukuhitaji orodha. Tulihitaji kumjua mtoto, na kumheshimu mama yake kiasi cha kumuuliza.

Ule moto mwingine wote ni wa jikoni, mafiga matatu na sufuria. Watoto wanauona kila jioni, tena wao ndio wanaosogeza kuni. Kama picha ya mafiga inaumiza, mje mfumue na majiko yetu. Panga sibishani nalo sana. Litoke.

Simchukii yule mtaalamu. Alikuja kwa nia njema, alikaa siku mbili, gari lilikuwa linamngoja nje. Wanaoniudhi ni sisi. Tulikuwa wanawake 11 chumbani, mafundi watupu, akina mama watupu, na hakuna aliyemjibu. Wote tulisema "sawa". Tumezoea kusema sawa kwa sababu anayesema sawa ndiye anayepewa uzi na sindano mwezi ujao. Mimi nami nilisema sawa, nikafika nyumbani sikula.

Halafu kuna minong'ono kwamba yale yasiyofumuliwa yatauzwa kwa wageni kama pambo la ukutani. Sijui kama ni kweli, na ningefurahi kuambiwa ni uongo. Maana itakuwa ajabu: mtumbwi unamdhuru mtoto wa mvuvi, ila kwa mgeni sebuleni unapendeza.

Ninachotaka si kikubwa. Orodha ibanduliwe. Kila blanketi kabla ya kutolewa lilale kwa mama wa mtoto usiku mmoja, au kwa bibi, au kwa yeyote anayemlea, aseme yeye kipande gani kitoke. Kikitoka, tutatia kingine, makombo hayajaisha. Na wewe mfanyakazi wa shirika mwenye wasiwasi, karibu ukae chini kwenye mkeka, ucheze na watoto mara moja kabla hujaandika ripoti.

Akina mama wenzangu, Alhamisi nitakuwa chumbani tangu saa 2 asubuhi, na safari hii sitasema sawa. Asiyetaka kusema aje tu akae karibu yangu. Tusichelewe. Yale 14 yamewekwa rafu ya chini, mvua zimeanza, na paa la stoo linavuja upande huohuo.