Rimu moja kwa darasa la nne

NENO LA JUMAPILI
Na Hamisi Kibwana

Hapa Kipawa mazungumzo yetu yana mapumziko yasiyopangwa. Mtu anaanza sentensi, ndege inapita juu ya bati ikielekea kutua, sentensi inamaliziwa baadaye. Kwa hiyo sikushangaa mjukuu wangu wa darasa la tatu alipozikataa ndege za karatasi ninazomkunjia. "Hizi siyo ndege, babu. Hizi mishale." Alitaka jeti: bodi ndefu, mabawa yaliyolalia nyuma, mkia, na injini mbili chini.

Tukaenda steshenari kununua manila. Tukachora, tukakata, gundi ikatuganda vidoleni. Injini tulizisokota kwa karatasi ya daftari juu ya kalamu ya wino. Ilipokauka ilipendeza kuwekwa kabatini, na pengine ingebaki huko. Nikairusha uani. Ikainua pua, ikasita hewani kama daladala iliyoshindwa mlima, ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye beseni la nguo za bibi yake.

"Babu, mbona za kweli hazifanyi hivi?"

Za kweli zimepangwa uzito. Yetu ilikuwa nzito nyuma, na ndege ikiwa nzito nyuma pua hupanda mpaka mwendo unakwisha. Mshale wa daftari hauna taabu hiyo kwa sababu mikunjo yake mingi imejazana mbele. Jeti yenye sura ya jeti ina mkia mrefu na pua tupu. Dawa ilikuwa mdomoni mwa mjukuu: jojo. Tukaibandika ndani ya pua. Mruko wa pili ukachimba mchanga. Tukamega jojo kidogo, tukapinda ukingo wa nyuma wa mkia kwenda juu, kiasi cha unene wa sarafu tu. Mruko wa tano ukateleza hewani, ukaupita mwembe, ukaishia kwa jirani. Wakati huo kijana alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Anapinda mwenyewe, anarusha mwenyewe, anaguna mwenyewe.

Mimi nilipokuwa na umri wake nilichapwa fimbo nne kwa ajili ya ndege ya karatasi. Mbili nilistahili, maana niliunda ndege ile kwa ukurasa wa katikati wa daftari la hesabu, na daftari lilinunuliwa kwa taabu. Mbili nyingine zilikuwa za kurusha, na hizo nazikataa mpaka leo. Bado yapo madarasa ambako kani zinazobeba ndege zinaandikwa ubaoni, watoto wananakili, na anayezijaribu kwa karatasi anaitwa mtundu.

Wahandisi wenyewe hawaoni haya kucheza. Februari 2012, huko California, John Collins alikuwa amebuni ndege ya karatasi ya kuvunja rekodi ya dunia ya umbali, lakini mkono wa kuifikisha huko hakuwa nao. Akamtafuta Joe Ayoob, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani, na ndege ikaenda mita 69.14. Nampenda mzee huyo kwa kujijua. Desemba 2022, Dillon Ruble na Garrett Jensen, wahandisi wa Boeing, pamoja na mwenzao Nathaniel Erickson, walifikisha mita 88.318 huko Indiana. Kwa uwanja wa mpira wa mita 105, hiyo ni kutoka mstari wa goli lako mpaka ukingo wa kumi na nane ya wapinzani. Na walichorusha ni karatasi moja.

Karatasi ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5. Rimu ina karatasi 500, yaani darasa la watoto 100 linapata ndege tano kwa kila mtoto, hata kwa msongamano wetu huu. Walimu wakuu, na nyinyi wa kamati za shule, naomba rimu moja na kipindi kimoja cha sayansi uwanjani. Wapeni futikamba na chaki. Kila mtoto arushe, apime, apinde, arushe tena, na asiandike kitu daftarini mpaka ndege yake iwe imeanguka mara tatu. Jojo tutachangia sisi wazazi.