Kitufe cha 'Mkandarasi'

Wenzetu wa kompyuta wana mradi wanaoupenda sana: programu ya mishahara kwa kampuni changa. Nawaelewa. Kampuni ya watu watano haina mhasibu, bosi anapambana na Excel usiku wa tarehe 28, na hesabu zenyewe si za kitoto.

Chukua mshahara wa shilingi 800,000. NSSF asilimia 10, zinaondoka 80,000. Zinabaki 720,000 za kupigiwa kodi: 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata ni asilimia 8, na 200,000 za mwisho asilimia 20. Kodi 60,000. Kama ulisoma kwa boom (na wengi wetu ndiyo hivyo), Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Unaondoka na 540,000. Programu inamaliza yote hayo kabla hujapepesa macho.

Mimi nina ugomvi na hatua ya mwanzo kabisa. Unapomsajili mtu mpya, programu inauliza: mwajiriwa au mkandarasi? Bosi akibonyeza 'mkandarasi', makato yale yanayeyuka, inabaki kodi ya zuio asilimia 5. Mkononi unaona nyingi, unafurahi. Ila asilimia 10 ambayo mwajiri alipaswa kukuwekea NSSF haipo. Likizo ya siku 28 haipo, wala siku 84 za uzazi. Pensheni ya NSSF inadai michango ya miezi 180, na wewe hata mmoja hujaanza. Mkopo nao upo palepale, unakusubiri.

Hili linatugusa sana sisi wa ualimu, maana ajira za serikali tunazijua zilivyo. Wengine tutafundisha Kiswahili kwa intaneti, tumelipwa na kampuni ndogo ya Ujerumani au Marekani isiyo na ofisi hapa. Zipo kampuni kama Deel na Remote zinazoweza kukuajiri kisheria kwa niaba ya bosi wa mbali, zikalipa kodi na michango ya nchi yako. Lakini huduma hiyo ina gharama, na kitufe cha mkandarasi ni rahisi zaidi. Unadhani atabonyeza kipi?

Sheria yetu haidanganyiki kirahisi hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, kama mathalani saa zake za kazi zinapangwa na bosi, anatumia vifaa vya bosi, anamtegemea huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kigezo kimoja tu kinatosha kuanzia.

Sasa kwa nini programu isiulize maswali hayo kwanza? Ni mistari michache ya kodi, ile ya kompyuta, si ya TRA. Nimeambiwa wateja watakimbia, na kwamba bora kibarua bila NSSF kuliko kukaa kitaa. Kwa anayetafuta kazi, sawa, ataichukua, hata mimi ningeichukua. Lakini aliyetengeneza programu hana njaa hiyo. Yeye ndiye amechagua kitufe kipi kiwe kikubwa na cha kijani.

Toleo lenu lijalo likiwa tayari, nileteeni. Nitajisajili kama mwalimu wa Kiswahili wa saa 20 kwa wiki, bosi yuko Berlin, tuone litaniita nani.