Ukuta Haulipi Deni

Jumanne moja nilikuwa tao nikimngoja mtu aniletee pesa yangu ya makala. Akasema dakika kumi. Mkenya akikuambia dakika kumi, tafuta kivuli ukae. Nikaingia Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie.

Mahali hapo nimepapita tangu utotoni. Kwangu palikuwa ishara tu kwamba stage ya Railways imekaribia, nianze kutafuta nauli. Ndani kulikuwa na wapenzi kwenye mabenchi na jamaa mmoja amelala, gazeti usoni. Sikuwalaumu. Nairobi sehemu za kuketi bila kusumbuliwa ni chache. Nikaenda kwenye ukuta wa majina, nikaanza kusoma.

Mimi sikuwa nimezaliwa siku ile. Ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, 1998, kama saa nne na nusu asubuhi. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia. Si unajua sisi na kelele za barabarani? Kisha bomu lenyewe likalipuka nje ya ubalozi wa Marekani, na vioo vikawaingia machoni. Hapa Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Maelfu walijeruhiwa, na wengine hawajaona mwanga tangu siku hiyo.

Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Humo mlikuwa na chuo cha uhazili. Vijana walikuja asubuhi kujifunza kupiga chapa ili wapate kazi ya ofisi, wasaidie nyumbani. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo iliponishinda, na kwa muda mrefu nimejihurumia kama mtu wa kwanza duniani kukatiziwa masomo. Mbele ya ukuta ule niliona aibu.

Halafu nikapandwa na hasira.

Kila Agosti wakubwa huja hapa na mashada ya maua. Husimama, huinamisha vichwa, husema hatutasahau. Hebu tuulizane: nani alikuwa anasahau? Aliyepofuka atasahau vipi? Swali la manusura halijawahi kuwa kumbukumbu. Swali lao ni nani atalipia dawa.

Sudan, iliyowahi kumpa Osama bin Laden hifadhi miaka ya tisini, ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulizi ya Nairobi na Dar es Salaam na mengine, ili iondolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Pesa hizo zililenga raia wa Marekani na watu waliofanya kazi ubalozini, pamoja na familia zao. Mkenya aliyekuwa ndani ya basi, au akipita tu kwenda zake, hayumo. Bomu halikumwuliza kitambulisho. Fidia ilimwuliza.

Utaniambia Kenya haikutega bomu, basi kwa nini ilipe? Sawa. Lakini serikali ndiyo iliyoruhusu ubalozi ukae katikati ya mji, na ndiyo inayokata kodi kwa ahadi ya kutulinda. Ubalozi ulipata makao mapya Gigiri, mbali na msongamano. Kama Marekani inawasimamia watu wake, wa kwetu wasimamiwe na nani? Sidai muujiza. Nadai hazina ya kudumu, yenye sheria nyuma yake: matibabu, viungo bandia, karo za watoto waliobaki yatima.

Na usidhani hii ni hadithi ya wazee wetu pekee. Garissa, mwaka 2015, walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Juni 25, 2024, vijana wa rika letu walipigwa risasi karibu na Bunge, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka bustani hii. Sisi pia tunaandika majina, tunawasha mishumaa, tunataka mnara. Ni sawa tuwataje. Lakini tukidai ukuta tu, tutapewa ukuta. Kwa serikali, ukuta ni kitu rahisi sana. Hauugui. Hauombi karo. Haupandi ngazi za mahakama ukishika fimbo.

Kwa hivyo siku watakayokuja kutuuliza tunataka mnara wa rangi gani, tuwaulize kwanza wale wa 1998 walilipwa nini.

Dakika kumi zilifika saa mbili. Nikiwa bado pale, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mdeni wangu: "Bro, wiki ijayo. Sijakusahau."

Nikacheka peke yangu mbele ya majina yale. Hivyo ndivyo mdeni huongea kila mara. Hasemi nimekulipa. Husema sijakusahau.